Kuliendesha dubwana la baharini linalosoma nia: mwongozo kamili kwa mwendeshaji wa meza

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza, ambamo mwendeshaji mmoja anasimulia na wengine wanacheza wahusika wao kwa dadu, joka ni kazi nyepesi. Linaruka, linatema moto, wachezaji wanatawanyika, mishale inafyatuliwa, na usiku unakwisha kwa vicheko. Dubwana la akili ni habari nyingine. Karatasini linatisha, lakini ukiliendesha kama joka, kwa kurusha dadu na kuhesabu majeraha tu, litakufa raundi ya tatu na wiki ijayo hakuna atakayelikumbuka. Nguvu yake hasa ni kujua. Linajua nani anataka nini, na limejua kabla wahusika hawajafika mlangoni. Kila hatua hapa chini inatoka kwenye jambo hilo moja.

Nawaandikia hasa wachezaji wa Mombasa: watu wanne watano wanaokutana baada ya Isha, feni juu ya kichwa, chupa ya kahawa chungu pembeni na sahani ya viazi karai isiyotakiwa kukaribia karatasi za wahusika. Mfumo ni Dungeons & Dragons, kanuni za 2014, na tarakimu zote nitakazotaja ni za kanuni hizo.

Chagua dubwana, na ulijue

Mimi namchagua abolethi. Ni kiumbe wa majini mwenye umbo la samaki mkubwa na minyiri mirefu, na amekuwamo mchezoni tangu 1981. Wengi hukimbilia yule mwenye kichwa cha pweza anayekula ubongo, lakini sisi tumezungukwa na bahari pande zote. Kwa nini tumuache wa majini? Tena kuna faida ya mfukoni. Takwimu za abolethi zimo katika hati ya kanuni za msingi, toleo la 5.1, ambayo tangu Januari 2023 inatolewa kwa leseni ya Creative Commons. Unaipakua bure na kwa halali. Mla ubongo hayumo humo. Vitendo vya pango la abolethi na athari zake kwa eneo linalomzunguka viko katika kitabu kamili cha mazimwi, kwa hiyo kama rafiki anacho, kiazime.

Ya kukariri si mengi. Kinga 17 (yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate), pointi za uhai 135, Akili 18. Anaogelea futi 40 kwa zamu lakini nchi kavu anajikokota futi 10. Anaona gizani futi 120, na anasema ndani ya kichwa cha mtu kwa umbali huohuo. Mara tatu kwa siku anaweza kumteka mtu anayemuona ndani ya futi 30: mtu huyo anarusha dadu ya pande ishirini, anajumlisha nyongeza yake ya Hekima, na asipofikisha 14 ametekwa mpaka abolethi afe au mmoja wao ahamie ulimwengu mwingine.

Kwa wahusika wanne wa ngazi ya 7 au 8 (ngazi ni kipimo cha nguvu za mhusika), hilo ni pambano gumu. Kwa ngazi ya 6 ni la kuua. Chini ya hapo, mtumie kama sauti tu, asitoke majini.

Kusanya matamanio kabla hujamtaja

Hii ndiyo hatua ambayo waendeshaji wengi huiruka, na ndiyo inayobeba kazi yote. Abolethi ana uwezo unaosomwa harakaharaka na kusahauliwa: kiumbe akizungumza naye kwa mawazo, na abolethi akawa anamuona, abolethi anayajua matamanio makubwa kabisa ya kiumbe huyo. Sasa, kama wewe mwendeshaji huyajui matamanio hayo, abolethi wako atasema nini? Atasema maneno ya jumla, kama mpiga ramli wa sokoni, na wachezaji watacheka.

Kwa hiyo vikao viwili vitatu kabla, muulize kila mchezaji kwa faragha. Usimuulize "mhusika wako anataka nini," maana atakujibu "dhahabu" au "kulipiza kisasi" na hapo utakuwa hujapata kitu. Muulize: ni jambo gani ambalo mhusika wako hajawaambia wenzake? Ni nani angemfanya aache safari hii leo na arudi nyumbani? Ni kosa gani angelipa chochote ili lifutike? Majibu ya maswali hayo yana majina na mahali ndani yake, na ndiyo unayoyahitaji. Nahodha anayeamini baba yake alizamishwa makusudi. Malenga aliyeiba shairi la mwalimu wake akasifiwa nalo. Paladini, yaani askari wa dini, ambaye kwa kweli amechoka na anatamani tu mtu mwingine aamue.

Andika kila jibu kwa sentensi moja. Chini yake andika kile ambacho abolethi angeahidi, halafu kile anachokitaka kama malipo. Malipo ya kwanza yawe madogo kiasi cha kuaibisha: acha taa ya gatini ikiwa imezimwa usiku mmoja, tupa barua hii baharini, usimwambie mwenzako kwamba tumesema. Hilo la mwisho ndilo bora kuliko yote. Kikundi kinachofichana kimeshaanza kushindwa.

Kubalianeni mipaka

Kutekwa akili kunamnyang'anya mchezaji kitu pekee alichonacho mezani, yaani uamuzi. Wako wanaokifurahia, wako wanaokichukia. Uliza mapema.

Na huku pwani kuna la ziada. Habari ya kupagawa si mzaha kwa kila mtu. Unaweza kuwa na mchezaji ambaye nyumbani kwao mtu ameshapungwa pepo, au ambaye dini yake haimruhusu kucheza na mambo hayo, na kwa heshima atakaa kimya huku roho yake imemsonga. Mimi kwa sababu hiyo simwiti abolethi jini, wala simpi ubani, wala simfanyi azungumze kwa kinywa cha mtu. Ni mnyama: ana nyama, ana utelezi, anavuja damu. Anayetaka vitisho vya mizimu atavipata penginepo.

Kwa mchezaji ambaye hataki kabisa kutekwa, nina kanuni yangu ya nyumbani: akishindwa dadu, achague kutii amri moja fupi au kupokea maumivu ya akili ya dadu tatu za pande sita. Uamuzi unabaki mkononi mwake. Waambie wote kwamba kanuni hiyo ipo, na kila mtu akujibu faraghani anataka ipi.

Mpe mji, na mji uugue

Dubwana la akili halianzi pangoni, linaanza mjini. Katika eneo la maili moja kuzunguka pango la abolethi, maji yanaharibika kwa namna isiyo ya kawaida: adui zake wakiyanywa hutapika baada ya dakika chache, ilhali watumishi wake wanayanywa salama. Sehemu za chini ya ardhi zinalowa na kuteleza. Maili moja ni kama kilomita 1.6, ukiweka pango chini ya miamba ya Ngome ya Yesu, eneo hilo linaumeza Mji wa Kale wote, na hakuna mtu wa Mombasa anayehitaji kuelezwa maana ya maji kuharibika. Msukuma mkokoteni wa mitungi ataanza kuuza kwa bei ya anasa. Kisima cha msikitini kitafungwa. Mke wa mtu fulani atakunywa maji yaleyale yaliyowatapisha majirani, na hatadhurika. Hapo ndipo wachezaji waanze kunusa.

Wakati mzuri wa kuiga ni mzingiro wa 1696 hadi 1698, Waomani wakiwa nje ya ngome na Wareno ndani, maradhi yakiwamaliza waliofungiwa. Mwaka 1697 merikebu ya kivita ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama palepale mbele ya ngome. Wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vimewekwa kwenye makumbusho ya ngome. Mwendeshaji mvivu angesema pango lina hazina ya merikebu. Wewe fanya zaidi. Katika hadithi za mchezo, abolethi hurithi kumbukumbu za kila anayemla. Maana yake ni kwamba kila baharia aliyezama pale akaliwa, kumbukumbu zake zimo ndani ya abolethi: nani alisaliti, barua ilifichwa chumba gani, mtoto aliachwa kwa nani. Abolethi hahitaji kulinda dhahabu. Yeye ndiye maktaba, na siri zake ndizo chambo.

Kabla ya kikao cha kwanza chagua watekwa watatu wa mjini, si zaidi. Mtekwa na abolethi wanawasiliana kwa mawazo umbali wowote, kwa hiyo hao ni macho na masikio. Wasiwe watu wa kutisha. Muuza kahawa wa baraza anayesikia kila kitu. Karani wa forodha. Mtu mmoja ambaye wachezaji tayari wanampenda. Huyo ndiye atakayeuma. Wape dalili moja ndogo ya pamoja, kwa mfano wote wanapenda kukaa mahali penye unyevu, na usiitaje tena zaidi ya mara mbili.

Sauti ya kwanza

Simu ziko mezani, zitumie. Usiku wahusika wanapita kwenye ngazi za gati, maji yamepwa nusu, abolethi yuko futi themanini chini ya jahazi lililotia nanga. Wakati wengine wanabishana kuhusu nauli, mtumie mchezaji mmoja ujumbe wa WhatsApp, yeye peke yake:

"Nahodha. Jahazi la babako halikuzama pale walipokwambia."

Halafu endelea kuongea na wengine kama kawaida, usimtazame. Kanuni inasema abolethi huyajua matamanio ya yule anayewasiliana naye. Basi mimi hulihesabu jibu la mchezaji kuwa ndiyo mawasiliano. Akinyamaza, hajafunguka. Akiandika "Wewe ni nani?" ameshafungua mlango. Jibu la pili lije na jambo ambalo alikuambia faraghani na hakumwambia mwingine yeyote:

"Mimi ni niliyekuwapo. Alikuwa ameshika ile tasbihi ya kahawia. Rudi kesho maji yakijaa, uje peke yako, kaka."

Utamuona anaigeuza simu kifudifudi. Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta. Kikao hicho usipeleke ujumbe kwa zaidi ya wachezaji wawili, na mmoja wao umpelekee asiye na siri kubwa, ili kila mtu abaki akijiuliza simu ya nani imelia.

Angalizo kuhusu uongo. Abolethi wako asidanganye katika lile analolijua. Aseme kweli, lakini nusu, na kwa wakati unaomfaa yeye. Mchezaji akikamata uongo mmoja, kila ahadi inayofuata inakufa. Akigundua kwamba kila alichoambiwa ni kweli, atashindwa kulala.

Pambano

Hapa kwanza ramani. Abolethi akipigwa mahali pa wazi, wahusika wanne wa ngazi ya 8 wanazimaliza zile pointi 135 upesi sana. Pango liwe la matumbawe, lenye madimbwi manne yaliyounganishwa kwa chini na vijia vyembamba juu yake, na maji yawe na tope la kuzuia macho. Azame dimbwi moja, aibuke jingine. Asikae juu ya maji zamu mbili mfululizo. Anayemfuata majini anakutana na wingu la ute: ukimgusa, au ukimpiga kwa silaha ya mkono ukiwa ndani ya futi 5, unarusha dadu ya Ustahimilivu, lengo 14, na ukishindwa, kwa saa moja hadi nne unaweza kupumua majini tu. Eleza jambo hilo taratibu. Askari anaibuka juu akitafuta hewa kama alivyozoea, kifua kinakataa, macho yanamtoka, na mwili wake wenyewe unamvuta arudi chini alikotoka kupigana. Wachezaji wenzake watapiga kelele. Waache.

Minyiri ina ugonjwa wake tofauti, na hapa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Kwa dakika moja, yaani raundi kumi, ugonjwa hauonyeshi lolote na uchawi wowote wa kuponya maradhi unauondoa, hata ule wa ngazi ya 2, hata mikono ya paladini inayoponya. Dakika ikipita, ngozi inageuka ya kuteleza, nyama inaonekana kwa ndani, mtu hapati tena pointi za uhai akiwa nje ya maji, na dawa ni uchawi wa ngazi ya 6 kwenda juu. Ngazi za uchawi si sawa na ngazi za wahusika, na wahusika wa ngazi ya 8 hawana uchawi huo. Basi ama utoe ishara mapema, ngozi kuwasha na jasho lenye harufu ya ufuko, ama uwe umeweka mjini mganga mkuu anayeweza kuponya kwa gharama fulani. Usipofanya lolote kati ya hayo, umemuua mhusika polepole na mwenyewe hujui.

Mpangilio wa raundi si mgumu. Kwenye hesabu ya 20 ya mpangilio wa zamu pango linatenda: maji yanaruka na kumvuta mtu futi 20 dimbwini, au maji yenyewe yanabeba hasira ya abolethi na kumuumiza akili aliye ndani yake, au wanaona mambo yasiyokuwapo. Zamu yake mwenyewe achague moja, ama minyiri mitatu ama kuteka. Mwishoni mwa zamu za wengine ana vitendo vitatu vya ziada. Kupiga mkia kunatumia kimoja, kumnyonya akili mtekwa kunatumia viwili, na akinyonya anajiponya kwa kiasi kilekile cha maumivu.

Sasa kuna jambo ambalo kanuni hazikuwekei wino mwekundu. Mtekwa akipata jeraha lolote, anarusha tena dadu ya kujinasua. Kunyonya akili ni jeraha. Kwa hiyo abolethi akimnyonya nahodha aliyemteka hivi punde, anampa nahodha nafasi ya kutoka. Kiumbe mwenye Akili 18 hafanyi hivyo. Anawaweka pembeni ya dimbwi watekwa wake wa mjini, yule muuza kahawa na karani, na anawanyonya wao. Wachezaji watajikuta wanaona pointi za adui zikirudi na mzee wa baraza anaanguka magotini kila mara, na itabidi waamue wamtoe mzee kwanza au waendelee kupiga.

Nani atekwe? Mwenye Hekima ndogo ni rahisi: askari mwenye nyongeza ya +1 anashindwa mara 60 kati ya 100, ilhali kuhani mwenye +7 anashindwa mara 30. Lakini mimi hupendelea yule aliyejibu ujumbe na kuficha. Teka wahusika wawili kwa pambano zima, wasizidi. Mara ya tatu ya siku iwe imeshatumika mjini asubuhi.

Mchezaji akitekwa, mwachie dadu zake

Usimchukulie karatasi. Usimwambie "wewe kaa, nitakuchezea." Mpelekee ujumbe wa lengo, na njia aichague mwenyewe. "Kuhani asimfikie mzee" ni lengo zuri. "Mpige kuhani kwa upanga" ni amri ya kizembe inayomgeuza mtu kuwa mashine. Ukimpa lengo, utashangaa: mchezaji mwenye moyo atamshika kuhani mkono, atamsimamia njiani, atamwambia kwa upole "dada, subiri kwanza, hujui yote," na meza nzima itasisimka kuliko kwa pigo lolote. Kumbuka tu kwamba mtekwa hana vitendo vya kujibu nje ya zamu yake.

Wenzake watagundua kwamba kumpiga kunampa nafasi ya kuzinduka. Wengine watampiga kwa furaha iliyozidi, kuna madeni ya zamani kila mezani. Hakuna neno. Ila mchezaji aliyetekwa akishindwa dadu mara mbili na uso wake ukaanza kukunjamana, lete jeraha dogo: jiwe la matumbawe likatike likamgonge. Kumweka mtu mzima dakika arobaini nje ya mchezo anaoupenda si ukali wa kanuni, ni ukosefu wa adabu kwa mgeni.

Stima ikikatika katikati ya pambano, usiwashe tochi mara moja.

Akishindwa, akikimbia

Abolethi hapigani mpaka kufa. Akishuka chini ya pointi 45 azame mlango wa chini na kuondoka, na kabla ya kuondoka atoe ahadi moja kwa mtu mmoja, kwa WhatsApp. Ile iliyo kubwa kuliko zote kwenye orodha yako.

Wakimuua, watekwa wote wanazinduka papo hapo, popote walipo. Karani anajikuta kaandika jina lake mara mia kwenye daftari la forodha. Wape wachezaji muda wa kuwatafuta, maana baadhi yao walikuwa wameahidiwa kitu na sasa hawatakipata. Na katika hadithi za mchezo mwili ukifa roho ya abolethi inarudi kwenye ulimwengu wa maji, ikajijengea mwili mpya baada ya siku au miezi, kumbukumbu zote zikiwa kamili. Kwa hiyo usitupe ile orodha ya matamanio. Kabla hujafunga daftari usiku huo, pitia kila jina na uandike pembeni yake kile ambacho abolethi alikijua, alichoahidi, na kile ambacho mchezaji alikubali kufanya bila kuwaambia wenzake. Kikao kijacho kianze na mmoja wao akiulizwa hilo jambo na mwenzake, siyo na wewe.